Siku Moja Kapolowe: Tulienda Kuangalia Vinavyoruka



Sisi watu wa miji ya migodi tumezoea kuangalia chini. Kazi yetu iko chini, feza yetu inatoka chini, hata mtoto wa miaka saba wa Likasi akiokota jiwe la kijani anajua kama ndani kuko shaba. Lakini umuulize jina la ndege anayelia kila asubuhi juu ya mwembe wa kwao, atakujibu: «Ni ndege tu.» Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo. Nimehubiri mara nyingi juu ya ndege wa angani, lakini kusimama nusu saa na kuwaangalia, hapana, sikuwahi.

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, mama mmoja wa kanisa letu alikuja kuniona. Ni mwalimu wa biolojia katika masomo ya sekondari. Aliniambia: «Pasta, tuchukue watoto siku moja, twende nao ku ziwa. Tutaangalia kitu kimoja tu: vitu vyote vinavyoruka. Kuanzia asubuhi mpaka giza iingie.» Nilipenda neno lake. Sikujua kama siku hiyo itanirudisha kwenye jambo moja ambalo nilitaka kulisahau.

Safari

Tulitoka Likasi saa kumi na mbili ya asubuhi, watoto 34 na wakubwa watano, juu ya kamyo ya ndugu mmoja wa kanisa. Njia ni ile ya kwenda Lubumbashi. Ukifika Kapolowe Gare unaacha lami na kushuka upande wa misioni na ziwa. Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kunyesha. Majani ya pori yalikuwa mapya, na vile vichuguu vikubwa vya mchwa vilisimama kati ya miti kama nyumba.

Watoto walifikiri ni vilima tu. Mama mwalimu alisimamisha kamyo na kuwaeleza: «Hii ni kazi ya wadudu. Mu Katanga yetu kuko vichuguu vya kufikia metre nane. Wachunguzi walipima umri wa kimoja karibu na Lubumbashi, wakakuta ni zaidi ya miaka 2 000. Na kila kichuguu kilianza na wawili tu, mume na mke, wenye kuruka. Mtawaona jioni kama mvua itatusaidia.»

Hapo ndipo niliona kitu. Juu ya kamyo watoto walibanana kama samaki ndani ya kikapu, lakini pembeni ya msichana mmoja mulikuwa nafasi ya watu wawili. Ni mtoto wa miaka kumi na moja hivi. Jina lake sitaliandika. Nilimwambia kijana mmoja aende kukaa pale. Alinijibu kwa sauti ndogo: «Pasta, miye siwezi kukaa naye. Banasema anarukaka na usiku.»

Nilijua maana yake. Ninyi pia munajua. Mimi nilikwenda kukaa pale, na tukaendelea na safari.

Ku ziwa

Ziwa Tshangalele si ziwa la tangu zamani za kale. Ni watu walilifanya. Mto Lufira ulifungwa kule Mwadingusha, maji yakajaa bonde, na kiwanda cha umeme kilianza kazi mwaka 1930 ili mashine za migodi zizunguke. Basi ziwa lilizaliwa kwa ajili ya shaba, lakini samaki na ndege hawakuuliza, walikuja. Mwaka 1982 sehemu ya bonde la Lufira iliwekwa katika orodha ya UNESCO ya mahali pa kulindwa.

Kila watoto watano walipewa daftari moja na kalamu moja. Sheria zilikuwa tatu: kunyamaza, kuangalia, kuandika. Manati zote ziliachwa ndani ya kamyo, tulihesabu saba.

Wa kwanza kuandikwa alikuwa tai wa samaki, mwenye kichwa cheupe. Alilia, akashuka, akagusa maji kwa miguu, akapanda na samaki. Watoto walisahau sheria ya kunyamaza. Kisha walimwona ndege mmoja mwenye vidole virefu sana akitembea juu ya majani ya maua ya maji, kama mtu anayetembea juu ya mkeka bila kuzama. Mama mwalimu aliwaambia kama kwa ndege huyo ni baba anayekalia mayai na kulinda watoto. Wasichana walipiga makofi. Wavulana waliangalia chini.

Kisha mbayuwayu, wale wadogo wenye mkia kama mkasi. Walipita juu ya maji wakikamata wadudu. «Hawa wengine ni wageni,» alisema mwalimu. «Wakati Ulaya ni baridi na wadudu hakuna, wanashuka mpaka kwetu na mbele zaidi. Mwaka 1911, huko Uingereza, mtu mmoja alimvalisha mbayuwayu pete ndogo ku mguu. Mwaka 1912 ndege yule alikamatwa Natal, Afrika ya Kusini. Uzito wake ni kama grama 20.»

Kijana mmoja aliuliza: «Bila petroli?» Wote walicheka, lakini lilikuwa swali zuri. Mwaka 1925 Mbelgiji Edmond Thieffry alikuwa wa kwanza kutoka Bruxelles mpaka Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwa ndege ya mashine. Alitumia siku 51.

Unyoya, mfupa na karatasi

Jua lilipokuwa kali tulikaa chini ya mwembe. Mama mwalimu aligawa manyoya ya kuku. Kila mtoto alivuta unyoya mpaka ukapasuka, halafu akaupitisha kati ya vidole viwili, na unyoya ukajifunga tena kama zipu ya jaketi. Ndani kuko vikulabu vidogo sana vinavyoshikana. Ndiyo sababu ndege anatumia muda mrefu kujichana kwa mdomo: anafunga zipu zake, si kwa urembo tu.

Kisha alichukua bawa la kuku na kuliweka karibu na mkono wa mtoto. Bega, kiwiko, kiganja: ni vilevile. Akavunja mfupa wa juu wa bawa, na watoto waliona ndani ni wazi. Akachora bawa la popo: vidole vinne virefu na ngozi katikati, na kidole gumba kimebaki nje kama ndoano. «Popo hana unyoya hata mmoja,» alisema. «Anaruka kwa mkono wake. Ananyonyesha mtoto wake kama mama zenu walivyowanyonyesha.»

Kisha kila mtoto alikata kipande chembamba cha karatasi, akakishika chini ya mdomo na kupuliza juu yake. Karatasi, badala ya kushuka, ilipanda. Watoto walirudia mara kumi, mara ishirini. Wakakunja ndege za karatasi na kuzitupa, na mwalimu akawaonyesha: bawa ni kazi ya hewa. Pasipo bawa la kutosha, uzito unashinda. Tai wa samaki ana kilo kama tatu, na akifungua mabawa yake yanapita metre mbili.

Hapo kijana mmoja, hodari wa kuuliza, alisimama: «Mama mwalimu, na ile ndege ya wachawi? Ile ya ganda ya karanga?»

Kulikuwa kimya. Watoto wote, wote kabisa, waligeuka na kumwangalia yule msichana. Yeye alikuwa anafungua na kufunga unyoya wake.

Mwalimu hakucheka, wala hakukasirika. Alitoa karanga mfukoni, akamenya moja, akaweka ganda juu ya kiganja. «Wewe una kilo ngapi? Thelathini? Tai wa kilo tatu anataka metre mbili za bawa. Sasa nionyeshe mabawa ya ganda hili.» Kijana aliliangalia ganda pande zote. Halafu alikaa.

Ndoto

Lakini swali halikuwa limekwisha, na mwalimu alijua. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza nani anataka maji: «Ni nani kati yenu ameshaota ndoto kama anaruka?»

Mikono ilikaa chini. Ukiishi katika mtaa wetu, unajua kwa nini. Kisha mwalimu mwenyewe aliinua mkono. Nilimtazama, nikainua wangu. Dereva wa kamyo aliinua wake. Ndipo mkono mmoja wa mtoto, na mwingine, na mwingine, mpaka niliona mikono kila upande. Yule aliyekataa kukaa naye aliinua mkono. Wa mwisho alikuwa msichana.

«Naotaka kama naruka juu ya manyumba,» alisema. «Niliambia shangazi. Akasema, kumbe ni kweli.»

Ndugu zangu, hiyo ndiyo ilikuwa «ungamo» lake lote. Mtoto mchanga wa nyumba aliugua, baba mdogo alipoteza kazi, wakatafuta sababu. Mtoto akasimulia ndoto. Basi wakasema amekubali mwenyewe. Tangu siku hiyo alikuwa analala ku jikoni, nje.

Mwalimu aliwaambia watoto: «Ukilala, mwili unalala lakini akili inaendelea kucheza. Watu wengi duniani wanaota kama wanaruka. Ndoto ya kuruka haitoi mtu kitandani. Mkono wako ungekuwa bawa, ungeuona asubuhi.» Halafu akawapeleka kula. Tulikula bukari na samaki ya Kapolowe. Nilihesabu: pembeni ya msichana walikaa watatu.

Chini ya dari

Mchana, mzee mmoja wa pale alituongoza mpaka kwenye jengo la zamani lisilokaliwa na mtu. Ndani ya dari anaishi bundi, yule mwenye uso mweupe kama moyo. Watoto wengi walibaki nje. Kwetu bundi akilia juu ya nyumba, watu wanasema kuko mtu atakufa. Kijana akimwona anaokota jiwe.

Chini, juu ya sakafu, mulikuwa vibonge vyeusi, vikubwa kama kidole gumba. Si mavi. Bundi anameza panya mzima, na kile kisichoyeyuka tumboni, yaani mifupa na manyoya, anakitapika. Mwalimu alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akavunja vibonge vinne kwa kijiti, akapanga mifupa juu ya karatasi. Msichana wetu ndiye aliyeinama karibu kupita wengine. Ndiye aliyehesabu vichwa: kumi na moja.

«Ni panya wa wapi?» aliuliza mwalimu.

Mzee alijibu mbele ya watoto: «Ni bale ya mahindi yetu.»

Basi ndege yule tunayemtupia mawe analinda gala usiku, bila mshahara. Na kwa nini hatumsikii akipita? Si uchawi. Ukingo wa unyoya wake una nywele ndogo kama za kitana, na juu yake ni laini. Hewa inapita bila kupiga kelele. Panya hamsikii, wala sisi.

Jioni

Mungu alituletea mvua fupi saa kumi. Saa kumi na mbili kasoro, jua likishuka, ardhi ilianza kutoa inswa, wale kumbikumbi. Walitoka ndani ya nyufa za kichuguu kama moshi. Watoto walikimbia na masahani. Tuliwaangalia kwanza, kisha tukawala. Kila mmoja ana mabawa manne, anaruka mara moja tu katika maisha yake, anaanguka, anayavua mabawa yeye mwenyewe, na wale wawili wakipatana wanaingia ardhini kuanza mji mpya.

Juu ya inswa walikuja mbayuwayu wa mwisho, halafu wakabadilishana na popo wadogo, kama zamu ya mchana na zamu ya usiku pa mugodi. Popo hawa wadogo wanapiga sauti ambayo masikio yetu hayaishiki. Sauti inagonga mdudu na kurudi, na popo anajua mahali alipo. Wale wakubwa, popo wa matunda, wanatumia macho na pua, na wanapanda miti kwa kutupa mbegu huku na huku. Kule Kasanka, Zambia, karibu na mpaka wetu, wanakusanyika kwa mamilioni kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili. Wachunguzi walifunga vyombo vidogo juu ya popo wanne na kuwafuata kwa satelaiti. Waliingia Kongo yetu, na mmoja alisafiri zaidi ya kilomita 1 900. (Vijana, popo muangalie kwa macho tu. Usimguse kwa mkono, akiwa mzima wala akiwa amekufa, sababu anaweza kubeba magonjwa.)

Mwisho, mwalimu alitundika shuka nyeupe na kuwasha taa nyuma yake. Kipepeo mkubwa wa usiku alikuja kukaa pale, na alama kama macho mawili juu ya mabawa. Mtoto mmoja alipiga kelele. Mwalimu alicheka: «Unamwogopa, na mama yako anakupikiaka watoto wake! Hawa njo wanazaaka finkubala.» Ndugu, mungeona nyuso zao! Kipepeo kama huyu hana mdomo wa kulia. Alikula wakati alipokuwa finkubala, na sasa anaishi siku chache tu, azae na kufa.

Kwenye daftari la mwisho kulikuwa orodha yenye kichwa: VINAVYORUKA USIKU. Bundi. Popo mdogo. Popo wa matunda. Kipepeo wa usiku. Inswa. Mbu. Aliyeiandika ni yule msichana. Chini yake mtoto mwingine aliongeza kwa mwandiko wake: «Watu hapana.»

Neno langu

Sasa niseme lile nililotaka kusahau. Zaidi ya miaka kumi iliyopita, jamaa moja iliniita kwa ajili ya mtoto wa kiume wa miaka tisa. Baba amekosa kazi, mama amekufa, mke mpya ana mimba zinazotoka. Waliniuliza: «Pasta, huyu mtoto ni yeye?» Sikusema ndiyo. Lakini sikusema hapana. Nilisema: «Tuombe.» Nikaomba, nikaenda zangu. Wao walishika kunyamaza kwangu kama jibu. Baada ya juma mbili mtoto hakuwa tena pa nyumba. Nilimwona mara moja ku soko, amelala juu ya gunia. Nilipita.

Usiku ule wa Kapolowe, tulipofika Likasi, sikupita. Nilimpeleka msichana mpaka kwao, na daftari mkononi. Nilikaa na baba mdogo wake na shangazi mpaka saa tano. Niliwaambia kwanza hapana, wazi, ile hapana ambayo nilikuwa na deni nayo. Kisha niliwaambia sheria: Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya mwaka 2009 ya kulinda mtoto inaweka azabu. Kisha nikauliza juu ya yule mtoto mchanga: wamempeleka dispensaire? Hapana, feza zilikwenda kwa mtu wa kufukuza pepo. Kesho yake Mama mwalimu aliwapeleka. Ilikuwa malaria. Mbu ndiye aliyekuwa ameruka usiku.

Baba mdogo aliniambia tu: «Pasta, tutaona.» Si neno kubwa. Lakini usiku ule mtoto alilala ndani ya nyumba, na mpaka leo analala ndani. Shangazi bado hamwiti kwa jina. Kazi haijakwisha.

Wazazi, muwapeleke watoto nje, hata siku moja. Haihitaji feza nyingi: mwembe, unyoya, karatasi, shuka na taa. Mtoto anayejua ni nini kinachoruka usiku, si rahisi mtu kumdanganya juu yake. Na sisi wachungaji tunapoulizwa juu ya mtoto, tusijifiche nyuma ya maombi. Tujibu kwanza, ndipo tuombe.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Taja ndege watano wa mtaa wenu kwa majina yao. Kama hujui, umuulize babu au bibi.
2. Fungua unyoya wa kuku na uufunge tena. Unaona nini?
3. Umeshaota kama unaruka? Wazazi wajibu wa kwanza.
4. Katika mtaa wenu kuko mtoto ambaye wengine hawakai pembeni yake? Kesho utafanya nini?